Maswali ya Wasomaji: Tuta, King'ora na Sekunde Nane

Wiki hii tumechagua barua zinazohusu matuta ya mitaani na magari ya dharura. Wanaojibu ni mhandisi wa barabara na mkufunzi wa madereva wa magari ya wagonjwa na zimamoto. Barua ndefu tumezifupisha.

Barabara yetu Tabata imewekwa lami, na sasa magari yanayokwepa foleni yanapita hapa kama yanafukuzwa. Watoto wa shule ya msingi wanavuka papo hapo. Kikao cha mtaa kimegawanyika. Sisi akina mama tunataka matuta, wazee wanasema gari la wagonjwa au la zimamoto litachelewa na mtu afe. Nani ana haki? *Mama wa watatu, Tabata*

Mama, wote mna hoja, ila hoja bila hesabu ndiyo inayogawa vikao. Tuanze na gari zito. Gari la zimamoto lenye tangi la lita 5,000 limebeba tani tano za maji tu, hujaweka chuma, pampu wala watu. Tuseme linakuja kwa kilomita 50 kwa saa na mbele kuna tuta linalolilazimisha kupita kwa 15. Dereva anaanza kupunguza mwendo mita kama 60 kabla ya tuta. Hapo wengi wanadhani ndipo muda unapopotea, kumbe unapotea zaidi baada ya kushuka: gari zito halichanganyi upesi, linataka mita 110 hivi kuirudia 50. Jumla, kipande hicho kimekula sekunde 21, na bila tuta kingekula 13. Tofauti ni sekunde nane kwa tuta moja. Gari la wagonjwa aina ya Land Cruiser, likiwa tupu linakwenda kumchukua mgonjwa, linapoteza kama sekunde tano.

Hesabu hii haiko mbali na iliyopimwa barabarani. Idara ya zimamoto ya jiji la Portland, Marekani, ilifanya majaribio na magari yake, na ripoti ya mwaka 1996 ikaonyesha kwamba tuta moja linachelewesha kuanzia karibu na sifuri hadi sekunde tisa na ushei, kutegemea gari, umbo la tuta na mwendo linaokuja nao.

Kwa hiyo wazee wenu hawasemi uongo. Matuta manane ni zaidi ya dakika moja, na mtu aliyesimama kupumua hana dakika ya kugawa. Lakini angalieni pia nafasi kati ya tuta na tuta. Mkiyapanga kila mita 60, gari la zimamoto halitavuka kilomita 30 kwa saa mahali popote, na wastani wake utakuwa kama 21. Mkiyapanga kila mita 120, linafika 41 katikati na wastani unapanda hadi 26. Mitaa mingi ya Dar ina matuta yaliyosongamana kwa sababu kila mwenye duka alitaka la kwake. Hilo ndilo kosa la kwanza kuepuka.

Sasa upande wa watoto. Dereva anahitaji kama sekunde moja kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa mwendo wa 30, kwenye lami kavu na gari lenye breki nzima, atasimama ndani ya mita 13. Kwa 50 anahitaji mita 28. Mtoto akichomoka mita 20 mbele, dereva wa 30 anasimama na kubakiza mita saba. Dereva wa 50 anamfikia akiwa bado na kilomita 37 kwa saa. Na gari la wagonjwa litaitwa kwa huyo mtoto, tuta liwepo lisiwepo.

Ushauri wetu kwa kikao: matuta mawili, yote bapa juu, moja likiwa ndilo kivuko chenyewe cha shule na jingine upande magari yanakotokea kwa kasi. Hiyo ni sekunde 16 kwa zimamoto, chini ya hapo kwa ambulensi, na watoto wamepata kivuko. Tuta peke yake pia halitoshi. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, uliofanyika katika shule za Dar es Salaam na kushinda tuzo ya miji ya WRI Ross Center mwaka 2019, haukuishia kwenye matuta. Uliweka njia za miguu, vivuko, nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni, na pale ilipofaa geti la shule likahamishiwa upande usio na barabara kubwa. Kuhamisha geti hakumcheleweshi mtu yeyote hata sekunde moja. Anzeni na maswali ya namna hiyo.

Barua ya maombi ipitie serikali ya mtaa kwenda TARURA, ambayo tangu mwaka 2017 ndiyo inayoshika barabara za mitaa. Ikiwa barabara yenu ni kuu au ya mkoa, wenyewe ni TANROADS. Andikeni jina la barabara, urefu wake, saa za watoto kuvuka na sehemu kamili mnayotaka, na muulize kama barabara hiyo hutumiwa na magari ya dharura kuelekea hospitali. Mstari huo wa mwisho watu huusahau, na ndio unaomfanya mhandisi achague tuta bapa badala ya tuta kali.

Naendesha gari la wagonjwa, Land Cruiser, kutoka kituo cha afya huku Chanika kuelekea hospitali za mjini. Nikipita tuta kwa 20 muuguzi ananigombeza, nikipita kwa 10 ndugu wa mgonjwa wananigombeza. Nifuate nani? *Dereva, Chanika*

Mfuate muuguzi, kaka. Wewe umekaa katikati ya gari, karibu na mahali panapotulia. Machela iko juu ya ekseli ya nyuma, kwenye springi ngumu zilizotengenezwa kubeba mizigo. Mtikisiko unaoufikia wewe na ule unaomfikia mgonjwa ni vitu viwili tofauti, na mwenye mfupa wa nyonga au uti wa mgongo uliovunjika anaulipia kila sentimita.

Kosa kubwa la madereva wazuri kabisa ni hili: magurudumu ya mbele yakishashuka tuta, mguu unarudi kwenye mafuta. Kiti chako kimetulia, kwa hiyo mwili wako unakwambia tuta limekwisha. Kwa mgonjwa ndiyo kwanza linaanza, maana magurudumu ya nyuma yako karibu mita tatu nyuma ya yale ya mbele na sasa yanapanda huku gari likichanganya. Subiri kishindo cha pili. Ukishakisikia, ndipo ukanyage mafuta, polepole.

Breki nayo imalizike kabla ya tuta. Ukipanda huku umekanyaga breki, pua ya gari imeinama, springi za mbele zimekwisha kujibana na hazina nafasi ya kumeza kishindo. Achia breki mita mbili tatu kabla, gari linyanyuke, lipande likiwa huru. Pita wima. Kupita mshazari kunafaa gari dogo linalokwaruza tumbo, ila ndani ya ambulensi kunamyumbisha mgonjwa kushoto na kulia, na mkanda wa machela wa kiunoni peke yake haumzuii. Mfungeni na ya mabegani.

Mpeni muuguzi taarifa. Neno moja tu, "tuta!", sekunde tatu kabla, linamtosha kuinua sindano kutoka kwenye mshipa, kushika dripu na kukaa. Mtungi wa oksijeni uwe umefungwa chini na juu. Tumewahi kukagua magari ambayo mtungi umeshikwa na kamba ya manila upande mmoja, na mtungi ule ukilegea ndani ya chumba kidogo kama kile ni hatari kuliko ajali yenyewe. Upepo wa matairi uwe ule wa kibao cha mlangoni. Kuupunguza ili gari liwe laini kunaharibu usukani na kupasua tairi kwenye joto la mchana.

Kuhusu njia: ukiwa na mgonjwa na unapita tuta kwa 10, ukipunguza na kuchanganya kwa upole, kila tuta linakugharimu sekunde nane au tisa. Kilomita moja ya ziada kwa mwendo wa 40 ni sekunde 90. Maana yake njia ndefu kwa kilomita moja inalipa pale tu inapokuepusha na matuta zaidi ya kumi na haina foleni. Kwa mgonjwa wa mgongo tungeichukua hata kama inalingana tu. Hesabu matuta ya njia zako zote siku ambayo huna mgonjwa, uyaandike kwenye daftari la gari, na dereva wa zamu nyingine ayakute.

Rasta, ile mistari myembamba ya mfululizo iliyoinuka barabarani, usizidharau kwa kuwa ni fupi. Hazikucheleweshi, lakini mfululizo wake unamtetemesha mwenye mfupa uliovunjika vibaya kuliko tuta moja bapa. Zipite taratibu kama tuta.

Mtaani kwetu Sinza tulichanga, fundi akamwaga zege. Tuta lina upana wa nusu mita hivi na kimo cha kama sentimita 15. Mwezi uliopita gari la zimamoto lilikwaruza sehemu ya nyuma likipita. Tulibomoe au tulipunguze? *Mjumbe, Sinza*

Libomoeni, Mjumbe. Halipunguziki likawa zuri, na hamkuwa na kibali cha mwenye barabara, kwa hiyo mtu akiumia hapo lawama itawarudia nyinyi.

Tatizo si kimo peke yake. Sentimita 15 ndani ya nusu mita ni ukuta ulioinama: kutoka ukingoni hadi kileleni kuna sentimita 25 tu. Gari la zimamoto lina sehemu ndefu inayoning'inia nyuma ya magurudumu ya nyuma, mara nyingi ndiko kuna ngazi ya kupandia na vifungo vya mipira ya maji. Magurudumu yanaposhuka upande wa pili kwa ghafla, mkia huo unashuka nao na kugonga kilele. Maji ndani ya tangi nayo yanasukumwa mbele na nyuma. Tangi zuri lina kuta za ndani za kuyazuia, lakini hata hivyo dereva analihisi gari likimsukuma. Kwa hiyo analazimika karibu kusimama.

Cha kuudhi zaidi, tuta fupi namna hiyo halimshiki mkorofi. Gari likilipita kwa kasi, tairi na springi zinameza kishindo kabla bodi haijapata nafasi ya kunyanyuka, na mwendawazimu anagundua kwamba kwa 60 halisumbui kama kwa 20. Anayeumia ni muungwana, mjamzito kwenye bajaji na gari la wagonjwa. Tuta refu lina tabia ya kinyume: kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo linavyokurusha. Ndiyo maana maabara ya barabara ya Uingereza ilipofanya majaribio, mwaka 1973 ikatoa umbo la mgongo wa mviringo lenye urefu wa mita 3.7 kwa mwelekeo wa safari na kimo cha sentimita 10. Baadaye wengi wakashusha kimo hadi 7.5 na mwendo ukaendelea kudhibitiwa.

Mkipata kibali na fundi akaja, mpeni vipimo hivi vya tuta la sentimita 7.5, avikate kwenye ubao wa plaiwudi kama kiolezo kabla hajagusa lami. Kutoka ukingoni, kwenye sentimita 37 kimo kiwe 2.7, kwenye 74 kiwe 4.8, kwenye 111 kiwe 6.3; kwenye 148 kiwe 7.2; na katikati kabisa, sentimita 185, kiwe 7.5. Halafu linashuka upande wa pili vivyo hivyo. Kiolezo kikilazwa juu ya tuta lililomalizika na mwanga ukaonekana chini yake zaidi ya upana wa kidole, fundi arudie. Mafundi wengi hukadiria kwa macho, na jicho hudanganya: tuta la mita 3.7 likiwa bichi linaonekana kama halina maana, basi anaongeza "kidogo tu" juu, na hilo kidogo ndilo linalokuja kukwaruza magari.

Kingo mbili za tuta ndizo za kwanza kuharibika. Zichimbwe kidogo kwenye lami ya zamani ili tuta liingie kama jino kwenye fizi. Likibandikwa juu tu, lori moja likifunga breki litaanza kulisukuma, na mvua za masika zitamalizia. Pembeni, kwenye mtaro, acheni nafasi ya sentimita 25 hadi 30 maji yapite. Mkiliziba hadi ukingo, maji yatasimama mbele ya tuta, lami itaoza, na baada ya msimu mmoja mtakuwa na tuta lenye shimo mbele yake. Shimo hilo ndilo dereva wa ambulensi analoligonga huku amefunga breki.

Mistari ya rangi nyeupe na kibao kabla ya tuta si mapambo. Tuta lisiloonekana usiku linamwangusha bodaboda, na dereva wa gari la dharura asiyelijua atalivaa kwa mwendo wote.

Nimesikia kuna matuta ya mpira ya vipande vipande ambayo gari la zimamoto linapita bila kupunguza. Kwa nini Dar yasiwekwe kila mahali? *Msomaji, Mbezi*

Yapo, na Uingereza yametumika tangu miaka ya 1990. Badala ya tuta moja kutoka ukingo hadi ukingo, kila upande wa barabara unawekewa kipande chenye upana wa mita 1.6 au 1.7 na kimo cha sentimita 6.5 hadi 7.5, na kati yao nafasi. Gari pana, kama basi au lori, linakipitisha kipande katikati ya magurudumu yake ya mbele. Ya nyuma, kwa kuwa ni mawili mawili kila upande, yale ya ndani yanapanda kidogo kwenye mteremko wa pembeni. Gari dogo halina upana huo, linapanda.

Sasa chukua futi kamba uende kwenye gari la wagonjwa lililo kawaida hapa kwetu. Umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia wa Land Cruiser ni mita 1.4 hadi 1.5, katikati kwa katikati. Haliwezi kukitawanyia miguu kipande cha mita 1.6. Litapanda kama teksi, au litapitisha gurudumu la upande mmoja kwenye nafasi na jingine juu ya kipande, likiinama. Zimamoto watafurahi, ambulensi haitapata nafuu kubwa.

Halafu kuna bodaboda. Ile nafasi iliyoachwa kwa ajili ya gari kubwa inamtosha yeye na abiria wawili bila kugusa breki. Katika mtaa ambao tishio kubwa ni pikipiki, mmetumia fedha kuwawekea njia. Na ya mpira hufungwa kwa boliti: mpira ukichanika au ukiibwa, boliti hubaki zimesimama kama misumari, na tunajua zinachofanya kwenye tairi. Tungeyaweka kwenye barabara pana inayotoka kituo cha zimamoto, kwa lami au zege, na mbele ya shule tungebaki na tuta bapa.

Mtaa wetu Mikocheni umefunga geti la chuma usiku kwa ajili ya wezi. Kuna upana maalumu? *Mkazi*

Mwongozo wa Uingereza, ambao wabunifu wengi huuazima, unataka mita 3.7 za barabara na si chini ya mita 3.1 kwenye geti lenyewe, na kimo cha mita 3.7 juu. Kimo ndicho kinachosahauliwa: boriti ya juu ya geti na nyaya za umeme na simu zilizolegea. Pimeni kwa mti mrefu. Ufunguo uwe kwa mlinzi aliye macho, si kwa mwenyekiti aliyelala nyumba ya tatu, na anayepiga 114, namba ya zimamoto, aseme mapema kwamba geti limefungwa na lipi liko wazi. Zimamoto wana mkasi wa kukata mnyororo, lakini kushuka, kukata na kupanda tena ni muda mrefu kuliko matuta yenu yote.

King'ora kikinikuta niko juu ya tuta na daladala iko mbele yangu, nifanyeje? *Dereva wa bajaji, Mbagala*

Usisimame juu ya tuta wala mara tu baada yake. Gari la dharura tayari limepunguza kwa ajili ya tuta. Ukisimama mita kumi mbele umelilazimisha kusimama kabisa, na likiwa limejaza maji kuondoka tena ni kazi. Shuka kwenye tuta, sogea mbele mita 30 au zaidi, kisha ubane kushoto na uwashe indiketa ya kushoto ili dereva ajue umemsikia. Kama bado hujapanda tuta, bana kushoto kabla yake na uliache tuta zima wazi, pamoja na ile nafasi ya mtaro ambayo bajaji mnaipenda. Dereva wa ambulensi yenye mgonjwa atapita katikati, wima, na hawezi kukukwepa akiwa juu. Na subiri gari la pili: zimamoto mara nyingi hutoka magari mawili, na bajaji inayorudi barabarani baada ya la kwanza ndiyo inayogongwa na la nyuma yake.